Bwana Futi Bado Anapima

Suruali aliyovaa Mhandisi siku alipoamua kuukomboa mtaa wake kutoka kwenye giza la ushirikina ilikuwa na pindo la vidole vinne. Ilikuwa suruali yake ya mahafali, nyeusi, ya kitambaa kizuri, lakini pindo lile lilikuwa zito, na akitembea haraka lilimpiga vifundoni, pa, pa, pa, kama mtu anayemfuata nyuma akimpigia makofi. Makofi mengine hakuwa akiyapata, kwa hiyo alivumilia.

Jina la Mhandisi alipewa kwa mzaha, naye akalipokea kwa moyo mmoja. Alikuwa na stashahada ya mitambo ya sauti, na meza ndogo kwenye kona ya duka la ushonaji la mama yake mdogo, ambapo alifufua simu zilizotumbukia kwenye ndoo huku akisubiri taifa limwite. Taifa lilikuwa na shughuli nyingine. Wakati akisubiri alianzisha Chama cha Fikra Safi, kilichokuwa na wanachama wawili mpaka yule wa pili alipohama bila kuaga. Tangu hapo Mhandisi alikuwa mwenyekiti, katibu na mkutano mkuu, na akidi ilitimia kila alipoamka.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kirefu: cherehani mbili mlangoni penye mwanga, meza pana ya kukatia katikati, pasi, debe la vipande, na juu ya rafu redio kaseti moja nzee, nyeusi, yenye mpini uliofungwa uzi. Redio hiyo ilikuwa ya marehemu mume wa mama mdogo, fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku ya harusi yake.

Bwana Futi alikuwa na namna yake ya kazi. Mkono mmoja ulishika futi, mwingine chaki, na mwandiko wake ulikuwa mbaya kiasi kwamba yeye mwenyewe aliuogopa. Kwa hiyo vipimo hakuviandika, alivisema. Alibonyeza kitufe chekundu, akamzunguka mteja na kutaja: kiuno, paja, urefu, bega. Kisha siku ya kukata alijirudisha nyuma na kujisikiliza, mkasi mkononi, akijijibu mwenyewe kwa "ehee" na "sawa". Alikuwa na kaseti sita. Kila wiki na kaseti yake, na baada ya wiki ya sita alirudi kwenye ya kwanza na kurekodi juu yake. Cha zamani kilifutika, kipya kikaingia. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote.

Alipofariki, mama mdogo aliifunika redio kwa kitambaa na kuanza kuandika kwenye daftari. Aliandika kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Halafu asubuhi moja, mikono ikiwa imejaa na wateja watatu wamesimama, aliifunua redio, akatumbukiza kaseti ya kwanza, akabonyeza chekundu, akaanza kusema.

Siku ya kukata ndipo mambo yalipotokea. Mama mdogo alikuwa akijisikiliza akitaja vipimo vya karani wa posta, mteja wa siku nyingi. Sauti yake ikasema kiuno thelathini na nne. Na chini ya sauti yake, mbali, kama mtu aliyesimama chumba cha pili, sauti ya mwanaume ikasema thelathini na nane.

Mama mdogo alirudisha nyuma. Thelathini na nne, ikasema sauti yake. Thelathini na nane, ikasema ile nyingine, taratibu, bila haraka, kama mtu anayemsahihisha mkewe mbele ya watu na hataki kumwaibisha.

Akakata thelathini na nane.

Karani alipokuja kujaribu, suruali ilimkaa kama amezaliwa nayo. Ikambidi akiri kwamba siku ya kupimwa alikuwa amebana tumbo, kama alivyolibana kila mara mbele ya mwanamke mwenye futi, na kwamba mtu pekee aliyewahi kulijua tumbo lake la kweli alikuwa marehemu. Mama mdogo akamsimulia msusi wa duka la pili, kwa siri. Kumsimulia msusi kwa siri ni kuokoa gharama za kipaza sauti. Kufikia jioni mtaa wote ulijua kwamba Bwana Futi bado anapima.

Watu wakaanza kuja. Wapo waliokuja kushonesha nguo wasizozihitaji ili tu wapimwe na marehemu. Yupo aliyetaka kujua kama ile sauti inaweza kutaja bega la mtu aliye mbali. Msusi mwenyewe alileta salamu za kumpelekea mama yake aliyetangulia mbele ya haki, akainama karibu na redio na kumwomba Bwana Futi azifikishe akipata nafasi, maana alijua ana kazi nyingi.

Mhandisi alikuwa kwenye kona yake akiyaona haya yote, damu ikimchemka. Mama yake mdogo, mwanamke aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa na kumsomesha kwa cherehani ile, sasa anaongozwa na mzimu wa redio! Alimweleza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa mchoro, mara ya tatu kwa kipeperushi alichokiandika usiku kucha chenye kichwa kisemacho "Amkeni". Mama mdogo alikipokea kwa heshima, akakigeuza, akatumia upande mweupe kuchora kola.

Jambo ambalo Mhandisi hakumwambia mtu ni kwamba sauti ile aliisikia mwenyewe siku ya tatu, na vinyweleo vilimsimama mpaka shingoni. Hapakuwa na shaka, alikuwa baba mdogo, Bwana Futi mwenyewe. Ilimuuma sana, si kwa kuwa aliogopa, bali kwa kuwa mwenyekiti wa Fikra Safi hana ruhusa ya kuwa na vinyweleo. Hasira yake yote iliyofuata chanzo chake kilikuwa pale.

Wiki ya sita redio ilianza kuvuta maneno, kila sauti ikawa kama ya mtu aliyekula akalala. Mama mdogo akaitoa kaseti ya wiki hiyo, yenye vipimo vya siku mbili tu, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake ili isipotee, na kuipeleka redio kwenye meza ya kona.

"Nibadilishie ule mpira wa kuzungushia, mwanangu," alisema. "Mpira tu. Humo ndani usiguse kingine."

Mhandisi akasema ndiyo mama, na alimaanisha kwa takriban dakika nne. Alipofungua kifuniko, mbele ya macho yake, palikuwa na ukweli wote. Redio ile ilikuwa imekaa miaka kwenye duka la vitambaa. Manyoya ya nyuzi yalikuwa yamejikusanya ndani, ya kila rangi, yakashindiliwa kama godoro juu ya kile kichuma kidogo ambacho kazi yake ni kufuta sauti ya zamani kabla ya sauti mpya kuandikwa. Utepe ulikuwa haukigusi tena. Kwa hiyo sauti ya zamani haikufutika. Ilibaki chini, imefifia, na mpya ikakaa juu yake. Ile thelathini na nane ilikuwa ya mteja mwingine kabisa wa wakati ule. Hapakuwa na mzimu. Palikuwa na manyoya.

Alifurahi mpaka akasimama. Mtu mwenye akili timamu angebadilisha mpira, akafunga kifuniko, na jioni akamweleza mama yake taratibu. Mhandisi aliazima viti kwa karani.

Jumamosi alasiri duka lilijaa. Karani alikaa mbele katika suruali yake ya thelathini na nane, msusi akaja na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Mama mdogo alibaki kwenye cherehani yake, akishona polepole, akiwa ameambiwa tu kwamba mwanawe ana maelezo kidogo. Maelezo kidogo yalichukua dakika ishirini na tano. Mhandisi alizungumzia mwanga na giza, akazungumzia sumaku, akazunguka meza na pindo lake likimpigia makofi. Kisha kwa kibano akayatoa yale manyoya mbele yao, akayaweka juu ya karatasi nyeupe, na kuyapitisha kwa watu kama daktari anayeonyesha uvimbe alioutoa. Akakisafisha kile kichuma kwa pamba na spiriti mpaka kikang'aa.

"Sasa tazameni," alisema.

Akachukua kaseti ya kwanza, akaitia kwenye redio iliyokwisha kupata mpira mpya, akawasikilizisha sauti mbili, akairudisha mwanzo na kurekodi juu yake: moja, mbili, tatu, sayansi. Akaicheza. Moja, mbili, tatu, sayansi. Chini yake kimya kitupu. Mtu mmoja akaguna. Na kwa kuwa chuoni alifundishwa kwamba jaribio moja si ushahidi, alichukua kaseti ya pili akafanya vilevile, na ya tatu, na ya nne, na ya tano, upande wa kila moja uliotumika, akiacha kitufe chekundu kikiendelea mpaka utepe uishe, huku akijibu maswali. Alitaka kusiwe na mwanya wa kubisha. Hakuuacha.

Karani aliinua mkono. Alitaka kufahamu kama Bwana Futi alikuwa akiishi kwenye yale manyoya, na kama ni hivyo, je, inafaa kuyatupa? Msusi akamkatiza na kusema hakuna la kufahamu, kijana amemfukuza baba yake mdogo kwa spiriti, basi. Mhandisi alikuwa anatabasamu kwa subira ya mwalimu wakati cherehani ilipoacha kulia.

"Sasa sauti yake iko wapi?" aliuliza mama mdogo.

"Imefutika, mama. Ndiyo maana yake. Haikuwa mzimu, ilikuwa rekodi tu ya zamani."

"Zote?"

"Zote tano," alisema Mhandisi, na neno tano lilikuwa bado halijamtoka vizuri mdomoni aliposikia alichokisema.

Mama mdogo hakufoka. Alivunja uzi kwa meno, akaikunja nguo, akawashukuru wageni kwa kuja. Watu walitoka mmoja mmoja, kila mtu akibeba kiti alichokalia, wakiinama kidogo kama wanaotoka msibani. Karani ndiye aliyekuwa wa mwisho, na alimpa Mhandisi mkono wa pole.

Kuanzia pale mama mdogo alirudi kwenye daftari. Chakula alimpakulia kama kawaida, na akamwuliza kama maji ya kuoga yamemtosha, lakini neno mwanangu lilikatika. Alimwita Mhandisi, kama wateja. Jina hilo, alilolipenda siku zote, sasa lilimkwaruza.

Alijaribu kujitetea kichwani. Alikuwa amesema kweli. Kila neno alilolisema lilikuwa sahihi na lingepata alama zote kwenye mtihani. Tatizo ni kwamba alithibitisha kuwa sauti ile ilikuwa ya baba mdogo mwenyewe, kabisa, si pepo wala ndoto, ni yeye kwa koo lake, na alilithibitisha hilo kwa kuifuta. Hakuna mshirikina duniani aliyewahi kuuangamiza ushahidi kwa ustadi wa namna ile.

Picha za baba mdogo zilikuwepo, tatu, zote amefumba macho. Sauti, kwa kadiri alivyojua, haikuwepo mahali pengine popote. Hakuwa mtu wa kupiga simu. Alikuwa mtu wa kutaja vipimo.

Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa na mama mdogo ameenda kumtazama mgonjwa, Mhandisi alifanya jambo ambalo kama lingefanywa na mwanachama mwingine wa Fikra Safi angemfukuza uanachama papo hapo. Alipiga magoti chini ya meza ya kukatia na kukusanya manyoya. Mekundu, meusi, ya khaki. Aliyachagua kwa rangi, akijaribu kukumbuka mpangilio ule wa mwanzo, akayarudisha juu ya kile kichuma kwa kibano kilekile na kuyashindilia kwa kidole. Alijua kwamba kilichofutika kimefutika. Angeweza kukuandikia kanuni yake ukutani. Akafunga kifuniko, akatia kaseti ya kwanza na kubonyeza chekundu.

Halafu akasema na baba mdogo.

Alikohoa kwanza. Alizungumza kwa dakika kadhaa, akinyamaza kila baada ya sentensi ili kutoa nafasi ya kujibiwa, kama alivyosoma kwamba wajinga hufanya. Aliporudisha nyuma na kusikiliza, palikuwa na sauti ya kijana, mlio wa redio, na pikipiki iliyopita nje. Aliisikiliza mara tatu. Mara ya tatu aliweka sikio juu ya spika mpaka likapata alama ya matundu. Kisha akaenda kulala, mchana, na viatu vyake.

Kaseti akaisahau ndani.

Jumatatu asubuhi mama mdogo alikuwa na suruali nne za kukata kwa ajili ya Alhamisi. Vipimo vyake vilikuwa kwenye kaseti ya sita, ile ya mfukoni, kwa kuwa vilipimwa kabla redio haijaharibika. Msusi alikuwa ameketi kwenye stuli akinywa chai, kama kila asubuhi, na Mhandisi alikuwa kwenye kona ameinamia simu isiyokuwa na tatizo. Mama mdogo alinyoosha mkono juu ya rafu na, ili kujua kama redio inafanya kazi, akabonyeza kitufe cha kuchezea.

"Baba mdogo," ilisema redio. Ikakohoa. "Baba mdogo, ni mimi. Kama upo. Najua haupo, lakini kama upo." Kimya. "Sitaki maelezo. Nitajie namba moja tu. Namba yoyote. Hata ya tumbo la karani."

Mhandisi aliruka kutoka kwenye kiti chake, akajigonga goti kwenye meza, simu ikaanguka. Hakuwahi kufika. Redio iliendelea kuomba radhi, ikaeleza habari za manyoya kwa marehemu kwa lugha ya kitaalamu, ikauliza kama anasikia vizuri au aongeze sauti.

Msusi aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa. Mama mdogo alishika ukingo wa meza. Mabega yalianza kumtikisika, na kwa sekunde moja mbaya Mhandisi alidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye debe la vipande, akacheka akiwa humo, akajifuta macho kwa ncha ya futi.

"Tumbo la karani," alisema alipopata pumzi. "Mwanangu wee."

Mhandisi alisimama katikati ya duka, goti likimuuma, akajisikia kama mtu aliyerudishiwa jina lake.

"Haya, kazi," alisema mama mdogo. Alitoa ile kaseti ya Mhandisi, akaitia mfukoni na kutoa ya sita humohumo. Hapo ndipo Mhandisi alipokumbuka kwamba kaseti zilikuwa sita, si tano. Kumbe siku ya ukombozi kaseti moja ilikuwa ndani ya aproni, umbali wa mita mbili kutoka kwenye sayansi yake.

"Mama, usibonyeze chekundu," alisema.

"Nasikiliza tu."

Ikaanza sauti yake, ya siku mbili za wiki ile: mwalimu wa kike, kiuno thelathini, na mazungumzo mengi katikati, maana yeye alipima huku akipiga soga. Na chini yake, mbali, kutoka chumba cha pili, ikaja ile nyingine. Msusi akainua kidole, akakishusha. Mama mdogo alichora vipimo kwa chaki juu ya kitambaa, paja, urefu, akifuata sauti ya mke na kuiacha ya mume ipite.

Kisha siku mbili zake zikaisha. Alikuwa na chaki mkononi, hakuwahi kuizima redio, utepe ukaendelea mahali ambapo alikuwa bado hajarekodi. Sauti ya Bwana Futi ikatoka peke yake, safi, karibu kabisa, kama mtu aliyeingia kutoka uani.

"Huyu ni mhandisi wetu," ilisema. "Ya mahafali. Kiuno ishirini na tisa. Urefu arobaini na moja." Futi ikalia ikivutwa. "Acha pindo vidole vinne. Bado anakua."

Ukafuata mlio wa mkasi ukiwekwa mezani, na mtu akipiga mluzi bila wimbo, na kwa mbali sauti ya kijana wa miaka ishirini na tatu akilalamika kwamba yeye ni mtu mzima, na hakui tena.

Mhandisi alitazama chini, kwenye vifundo vyake na pindo la suruali ileile.

"Mtaalamu," alisema msusi, si kwa kejeli sana. "Na hiyo ni manyoya?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jibu fupi na sahihi: mama mdogo alikuwa bado hajarekodi juu ya sehemu ile ya utepe. Lilimfika mpaka kwenye ulimi. Akalimeza, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumeza kitu cha ukubwa ule.

Mama mdogo aliiacha redio iendelee mpaka mluzi ukaisha na ikabaki kunguruma tu. Ndipo Mhandisi akaomba kaseti. Mama yake alimpa, ingawa alikawia kuiachia. Akaenda nayo kwenye kona, akachukua bisibisi yake ndogo kuliko zote, na kwenye mgongo wa kaseti akavunja vile vijimeno viwili vya plastiki, kimoja kila upande. Akamrudishia.

"Hivi vikiwepo, redio inakubali kurekodi," alisema. "Vikivunjika inakataa. Sasa hakuna anayeweza kuifuta, hata mimi."

"Hata wewe," alisema mama mdogo, akiipima kauli ile.

Vipimo vya wateja wake akavihamishia kwenye daftari, na kaseti ya sita akaifunga kwenye kipande cha kitambaa cheusi kilichobaki kwenye debe. Karani alipopita adhuhuri, msusi alikuwa ameshamfikia, na kuanzia siku hiyo mtaa ulijua kwamba mwenyekiti wa Fikra Safi huongea na mizimu siku za Jumapili na hukohoa kwanza. Mhandisi hakukanusha. Angeanzia wapi?

Jioni, wakati wa kufunga, mama mdogo alimtazama miguuni akipita, pa, pa, pa.

"Njoo," alisema, akishika mkasi mdogo wa kufumulia. "Tangu mwaka juzi unanisumbua na hilo pindo. Vua nilipunguze, linakupiga."

Mhandisi aliangalia pindo, akaangalia mkasi.

"Liache tu, mama," alisema.

Akabeba cherehani ya kwanza, akaiingiza ndani.